MCHEZA KWAO HUTUZWA: HESABU KATIKA MICHEZO YA WATOTO WETU

Mji wetu wa Eldoret uliitwa kwa hesabu kabla ya kuitwa kwa jina. Ulianzia katika shamba lililoandikwa namba 64 katika ramani za wapimaji. Posta ikafunguliwa hapo mwaka 1910, na watu wakazoea kupaita mahali hapo kwa namba hiyo ya Kiingereza. Wenyeji wakaigeuza namba hiyo ilingane na ndimi zao, wakasema Sisibo. Jina la Eldoret, litokalo katika neno la Kimasai la mto wenye mawe, lilitangazwa mwaka 1912, na tarehe 15 Agosti 2024 mji ukapewa hati ya kuwa jiji.

Basi, msomaji mpenzi, itazame namba hiyo 64 kwa makini. Bao la Waswahili lina kete 64. Ubao wa drafti, ambao vijana wetu huuchora kwa rangi na kuuchezea kwa vifuniko vya soda, una miraba 64. Ubao wa sataranji una miraba 64 vilevile. Hapana uganga hapo. 64 ni nane mara nane. Tena ni namba iwezayo kukatwa nusu kwa nusu bila kubakiza kitu: 32, kisha 16, kisha 8, kisha 4, kisha 2, mwisho 1. Waliobuni michezo hiyo zamani walipenda namba igawanyikayo vizuri, kama vile mama wa nyumba apendavyo chungu kinachowatosha watoto wote. Mtoto atakayeelewa kwa nini 64 inafaa kwa mchezo, naye 65 haifai, amekwisha jifunza jambo la hesabu, wala hakuna aliyemshikia kiboko.

Makala haya yanaeleza namna michezo ya jadi, ya kwetu na ya mataifa mengine, iwezavyo kumfundisha mtoto hesabu. Yanaeleza pia mahali uwezo wa michezo hiyo unapokoma, maana dawa isiyojulikana mpaka wake hugeuka sumu.

JAMBO LENYEWE NI KUBWA

Wako watu watakaosema, "Haya ni mambo ya watoto." La hasha. Kaunti yetu ni ghala la mahindi la Kenya, na mahindi huuzwa kwa hesabu. Gunia la kawaida ni la kilo 90. Mkulima aliye na magunia saba anajua kwamba ana kilo 630. Lakini dalali akija na gunia lililorefushwa, likachukua kilo 100, mkulima huyo amempa kilo 10 za bure katika kila gunia. Katika magunia saba ni kilo 70. Ikiwa gorogoro moja ni kilo mbili, basi gorogoro 35 zimekwenda zake bila malipo, nacho ni chakula cha nyumba kwa siku nyingi. Dalali hakutumia rungu wala panga. Alitumia udhaifu wa mwenzake katika kuzidisha na kutoa.

Sisi makarani tunaoketi nyuma ya meza za serikali twayaona hayo katika karatasi zinazoletwa mbele yetu: mtu mzima, mwenye akili na shamba zuri, ametia sahihi mkataba wa mkopo ambao hakuweza kuikokotoa faida yake. Mtu huyo alikwenda shule. Aliimba jedwali la kuzidisha mbele ya mwalimu, asubuhi baada ya asubuhi. Lakini wimbo ule haukupata kuwa chombo mkononi mwake. Hofu ya hesabu ilimwingia akiwa na miaka saba, naye akaichukua hata uzeeni.

Kwa sababu hiyo yafaa tujiulize: mtoto yule yule aogopaye somo la hesabu darasani, mbona akiwa uwanjani anahesabu mabao, anagawa gololi, na kukataa kupunjwa hata gololi moja?

ELIMU YA SOKONI NA ELIMU YA DARASANI

Swali hilo limechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walitoa habari za watoto wachuuzi wa mji wa Recife katika nchi ya Brazil. Waliwaendea watoto watano, wenye umri wa miaka tisa mpaka 15, wakajifanya wanunuzi wa nazi na matunda, wakawauliza bei na chenji. Watoto walijibu sawasawa katika maswali 98 kwa kila 100. Baadaye walipewa hesabu zizo hizo, ila zimeandikwa kwa tarakimu tupu juu ya karatasi. Majibu sahihi yakashuka hata 37 kwa kila 100. Namba zilikuwa zile zile, na watoto walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kwamba nazi zimeondoka.

Uchunguzi mkubwa zaidi ulitangazwa mwaka 2025 kutoka Delhi na Kolkata, nchini India, nao ulihusu watoto zaidi ya 1,400 wafanyao kazi sokoni. Miongoni mwa wachunguzi walikuwamo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Watoto wa sokoni walikokotoa bei kichwani kwa ustadi, lakini wakashindwa na maswali mepesi ya kitabuni. Watoto wa shule nao, waliokuwa hodari wa kitabu, walishindwa na hesabu za sokoni. Kila upande ulikuwa na nusu ya elimu, na daraja la kuziunganisha nusu hizo halikuwapo.

Tujifunze hapo mambo mawili. Kwanza, mtoto hafiki shuleni akiwa debe tupu. Anakuja na hesabu yake ya nyumbani na ya mchezoni. Pili, hesabu hiyo haivuki kwenda daftarini kwa miguu yake yenyewe. Lazima mtu mzima aishike mkono. Msomaji alikumbuke neno hili la pili, maana tutalirudia.

BAO: SHULE ILIYOCHIMBWA ARDHINI

Tuanze na mchezo unaojulikana zaidi. Mchezo wa mashimo na mbegu umeenea Afrika nzima. Wakikuyu wana giuthi, Wajaluo wana ajua, Wamasai wana enkeshui, Waganda wana omweso, na watu wa Ghana wana oware, wenye mashimo 12 na mbegu 48. Karibu na Nakuru, pale Hyrax Hill, mahali alipochimba Mary Leakey tangu mwaka 1937 kutafuta mabaki ya kale, yapo mashimo ya mchezo wa namna hii yaliyochongwa katika mwamba. Mbali nasi, Wakazaki na Wakirgizi huucheza kwa mashimo tisa kila upande, kila shimo mbegu tisa. Yaani kila mchezaji ana 81, na jumla ni 162. Mchezo wao, pamoja na ule wa Waturuki, uliandikwa na UNESCO mwaka 2020 katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Bao la Waswahili lina safu nne za mashimo manane, na kete zake aghalabu ni komwe. Hucheza watu wawili, kila mmoja na safu zake mbili na kete 32. Wakubwa huanza kwa kuweka kete sita katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Hizo ni 10, na 22 zinabaki mkononi kwa kunamua. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa Rais wa kwanza wa Tanganyika na wa Tanzania, alijulikana kwa kuupenda mchezo huu.

Lakini kwa mtoto liko bao la kujifunza, nalo ni jepesi: kila shimo hutiwa kete mbili. Hapo hapo hesabu imeanza. Safu moja ina mashimo manane yenye kete mbili mbili: 16. Safu mbili ni 32. Safu nne ni 64. Mtoto hakuliimba jedwali la mbili. Amelijaza kwa mikono yake.

Mbao si lazima. Mashimo huchimbwa ardhini kwa kijiti, na mahali pa komwe hutumika mahindi, maharagwe au changarawe za Mto Sosiani. Mzazi au mwalimu aweza kufuata daraja hizi:

Daraja la kwanza ni kugawa. Mpe mtoto kete 64 awagawie wenzake. Wakiwa wanne, kila mmoja atapata 16. Wakiwa watano, kila mmoja atapata 12 na nne zitabaki. Wakiwa saba, kila mmoja atapata tisa na moja itabaki. Mtoto ataona kwa macho yake kwamba baki si kosa lake, bali ni tabia ya namba.

Daraja la pili ni kutabiri. Yape mashimo ya mchezaji namba: safu ya mbele moja hadi nane, na safu ya nyuma tisa hadi 16 kwa kurudi, hata yawe mzunguko. Uliza: "Shimo la tatu lina kete saba. Ukizipanda moja moja kuanzia shimo linalofuata, ya mwisho itaanguka wapi?" Tatu na saba ni 10, itaanguka katika shimo la 10. Kisha uliza lililo gumu zaidi: "Shimo la 12 lina kete tisa." 12 na tisa ni 21, lakini hakuna shimo la 21. Mtoto atatoa 16, atapata tano. Hivyo ndivyo saa ya ukutani inavyokwenda: ukiondoka saa nne, ukasafiri saa 10, hufiki saa 14, unafika saa mbili. Katika vyuo vikuu hesabu hiyo ya kuzunguka ina jina lake kubwa na vitabu vyake. Mtoto wa darasa la tatu aweza kuianza akiwa amechutama mavumbini.

Daraja la tatu ni kutafuta kilichofichwa. Mchezo ukisimamishwa katikati, mtoto ahesabu kete zake tu. Akiwa na 41, aseme mwenzake anazo ngapi bila kuzigusa. Jumla haibadiliki kamwe: 64 ukitoa 41 ni 23. Kisha wahesabu kuhakikisha. Hapo mtoto amejifunza kutoa, na tena amejifunza kwamba jibu la hesabu laweza kuthibitishwa na mambo yenyewe, wala si na uso wa mwalimu.

SHISIMA: KISIMA CHENYE PEMBE NANE

Mchezo wa pili tunaupata kwa jirani zetu Watiriki, katika nchi ya Waluhya, magharibi mwa Eldoret. Jina lake ni shisima, na msikilizaji wa Kiswahili ataitambua mara moja kuwa ni ndugu ya neno "kisima". Kete zake huitwa imbalavali, yaani wadudu wale wakimbiao juu ya maji. Mama Claudia Zaslavsky, mwalimu wa hesabu kutoka Marekani aliyetoa mwaka 1973 kitabu chake juu ya hesabu za Waafrika, "Africa Counts", ndiye aliyeujulisha mchezo huu kwa walimu wa nchi nyingi.

Huchorwa umbo la pembe nane, na mistari kutoka kila pembe mpaka katikati, penye kisima. Vituo vyote ni tisa: pembe nane na kisima. Kila mchezaji ana kete tatu. Huanza kwa kuzipanga katika pembe tatu zinazofuatana, huyu upande wake na yule upande wake, hata pembe mbili, moja kila ubavu, zibaki tupu pamoja na kisima. Kwa zamu, kila mmoja husogeza kete moja kwa kufuata mstari mpaka kituo kitupu kilicho jirani. Kuruka juu ya kete ya mwenzio hakuruhusiwi. Atakayetangulia kuzipanga kete zake tatu katika mstari mmoja upitao kisimani ndiye mshindi. Mkirudia hatua zile zile mara tatu, mchezo umekwisha sare.

Hesabu iko wapi? Iko katika kuchora kwanza. Mwambie mtoto atengeneze pembe nane zilizo sawa bila kupewa kipimo. Atataabika. Kisha mpe karatasi ya mraba aikunje katikati mara tatu, kila kunjo lipite katika kitovu, halafu aifungue: mikunjo imeigawa karatasi sehemu nane. Mbili, nne, nane. Kila kunjo limezidisha kwa mbili. Mzunguko mzima una digrii 360. Ukigawa kwa nane, kila sehemu ina digrii 45. Fundi seremala wa paa hutumia pembe hiyo hiyo. Kisha uliza: "Mistari ya ushindi ni mingapi?" Wengi watajibu nane kwa sababu pembe ni nane. Wachache watagundua kwamba kila mstari hula pembe mbili, hivyo mistari ni minne tu. Darasa litabishana, na ubishi wa namna hiyo ni dalili njema.

MAJINA YA NAMBA NAYO NI MWALIMU

Liko jambo jingine ambalo watu huliacha ovyo, nalo ni majina ya namba katika lugha zetu. Mjaluo akisema auchiel, yaani sita, ndani yake unasikia abich na achiel: tano na moja. Abiriyo, saba, ni tano na mbili. Mkono mmoja umejaa, na vidole vya mkono wa pili vinaongezwa. Mkalenjin akisema taman ak agenge, amesema kumi na moja waziwazi, kama asemavyo Mswahili. Mwingereza ana neno la pekee kwa kumi na moja, ambalo halimwonyeshi mtoto kumi wala moja.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Maneno yetu ya ishirini, thelathini na arobaini yalitoka kwa Waarabu, na mtoto hawezi kuona mbili ndani ya ishirini wala tatu ndani ya thelathini. Mkikuyu anasema mĩrongo ĩrĩ, na Mjaluo anasema piero ariyo, yaani makumi mawili, na maana iko wazi kama mchana. Basi mwalimu wa madarasa ya chini ana njia rahisi: aseme yote mawili. "Ishirini na nne, yaani makumi mawili na nne." Baada ya muda mfupi mtoto ataacha kuandika 204 mahali pa 24, kosa ambalo kila mwalimu amelisahihisha kwa wino mwekundu.

Tangu taarifa ya Gachathi ya mwaka 1976, sera ya Kenya imependekeza mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya mahali alipo. Wazazi wengi wa mjini huikataa kwa kuona kwamba ni kurudishwa nyuma. Katika hesabu, twaona hapa kwamba lugha ya nyumbani yaweza kumtangulizia mtoto hatua moja mbele.

NYOKA NA NGAZI: MCHEZO WENYE USHAHIDI

Kutoka India tumepokea mchezo wa nyoka na ngazi, unaouzwa madukani na kuchorwa kwa urahisi juu ya boksi la sukari. Una vyumba 100 katika safu kumi. Mtoto akimaliza safu nzima ameongeza kumi. Nyoka akimshusha kutoka 47 hadi 19, amepoteza 28.

Michezo ya namna hii imepimwa. Mwaka 2008 Robert Siegler na Geetha Ramani, huko Marekani, waliwachezesha watoto wadogo wa jamaa maskini ubao wenye vyumba kumi vilivyo katika mstari mmoja, vikiwa na namba moja hadi kumi. Watoto walicheza vipindi vichache vifupi katika majuma machache. Ujuzi wao wa namba ukaongezeka, na baada ya majuma tisa ulikuwa ungalipo. Watoto wengine walichezeshwa ubao ule ule, ila una rangi badala ya namba. Hao hawakupata faida hiyo. Baadaye, mwaka 2014, Siegler na Elida Laski walionyesha kwamba ziko namna mbili za kusogeza kete. Mtoto aliye katika chumba cha tano akipata mbili, asiseme "moja, mbili". Aseme "sita, saba", yaani majina ya vyumba anavyopita. Tofauti hii ndogo ya kutamka ndiyo iletayo faida.

Hata hivyo tusimfiche msomaji upande wa pili. Mwaka 2017 ulitangazwa uchunguzi wa Delhi, katika shule za chekechea 214, ambao Moira Dillon na wenzake waliwachezesha watoto michezo ya kukadiria wingi na maumbo. Watoto walipata akili ya kukadiria, nayo ilidumu zaidi ya mwaka. Lakini walipoingia shule ya msingi, hesabu yao ya tarakimu haikuwa bora kuliko ya wenzao. Sababu ni ile ile tuliyoiona kwa wachuuzi wa Recife: mchezo haukufungwa pamoja na alama zilizoandikwa. Mchezo usio na namba zinazotamkwa na kuandikwa humfurahisha mtoto, ukamwacha nje ya mlango wa shule.

SHAURI KWA WALIMU

Mtaala wa umilisi, ulioanza nchini kote mwaka 2019 katika madarasa ya chini ukichukua mahali pa mfumo wa 8-4-4 wa mwaka 1985, unamtaka mtoto ajifunze kwa kutenda. Walimu wengi wamelalamika, na kwa haki, kwamba vifaa hununuliwa kwa fedha za wazazi wasio nazo. Michezo tuliyoitaja haihitaji fedha.

Tuseme darasa lina watoto 60. Wagawe katika vikundi 15 vya watu wanne. Wawili wacheze, wa tatu awe mwamuzi, wa nne awe mwandishi. Kazi ya mwandishi ndiyo daraja tulilokuwa tukilitafuta. Kila kete zipandwapo aandike: 12 + 9 = 21; 21 − 16 = 5. Mchezo ukiisha, aandike 64 − 41 = 23. Kisha wabadilishane, hata kila mtoto apate zamu ya kuandika. Kete zinazohitajika ni 15 mara 64, yaani 960. Kila mtoto akileta mbegu 16 kutoka nyumbani, kazi imekwisha. Hesabu hiyo nayo wapewe watoto waikokotoe kabla ya siku yenyewe.

Siku ifuatayo mwalimu aandike ubaoni hesabu zizo hizo bila kete. Mtoto akikwama, asipigwe wala asichekwe, aulizwe, "Katika bao ingeanguka wapi?" Hivyo atarudi katika nazi zake, kisha atavuka tena.

NENO KWA WAZAZI

Wako wazazi wanaosema, "Nimelipa karo mtoto akacheze?" Jibu letu ni kwamba saa nzima ya kunakili majibu ya mwenzake ndiyo mchezo wa kupoteza wakati. Wengine husema kwamba bao na drafti ni kazi ya wavivu na wacheza kamari. Ni kweli kwamba mtu aweza kuweka fedha juu ya mchezo wowote, hata juu ya mpira. Lakini kosa ni la fedha iliyowekwa. Komwe hazina hatia. Nyumbani pasiwe na dau, na hofu hiyo imekwisha.

Tena wako wanaowaachia wavulana michezo, na wasichana wakaitwa jikoni. Yafaa wakumbuke kwamba mama ndiye apimaye unga, ahesabuye lita za maziwa, na kuigawa fedha ya nyumba mpaka mwisho wa mwezi. Mnyime binti hesabu, na umeinyima nyumba yake ya kesho mlinzi.

Liko neno moja zaidi, nalo ni la mji wetu hasa. Eldoret ina kovu. Kati ya Desemba 2007 na Februari 2008, baada ya uchaguzi, majirani walifukuzana, nyumba zikateketezwa, na watu wakauawa kwa ajili ya kabila zao. Watoto waliozaliwa baada ya hapo sasa wanasoma pamoja, na wengi hawakuambiwa habari zote. Mchezo peke yake hauwezi kuponya jambo kama hilo, wala hatutasema hivyo. Lakini mtoto wa Kinandi akifundishwa giuthi na mtoto wa Kikuyu, naye akamfundisha mwenzake kuhesabu hata taman, na wote wawili wakafungwa katika shisima na msichana wa Kitiriki, kila mmoja wao amempokea mwenzake kama mwalimu. Mtu aliyekufundisha kitu ni vigumu kumwona kuwa si mtu.

Waswahili husema, mcheza kwao hutuzwa. Mtoto wetu akiona kwamba hesabu inakaa kwao, katika mashimo aliyochimba baba yake, katika majina ya namba ya bibi yake, na katika kisima cha jirani, hataikimbia akiikuta shuleni imevaa nguo za kigeni. Msimu huu, mahindi yakisha kupukuchuliwa, mzazi na atenge punje 64 katika kikombe. Achimbe mashimo 32 kando ya nyumba, amwite mwanawe, na aweke daftari na kalamu karibu.